Mtoto Aliyempiga Mwalimu Teke: Uchambuzi wa Kisa cha New Haven

Mtoto wa kiume wa miaka minane anaingizwa darasani asubuhi. Ametoka North Carolina, kusini mwa Marekani, alikolelewa na ukoo mkubwa ulioshikamana. Sasa amehamishiwa New Haven, mji wa jimbo la Connecticut kaskazini, na anaishi kwa ndugu wa familia. Ndugu huyo anawahi kazini, kwa hiyo amemwacha shuleni na kuondoka. Mwalimu mkuu ana mengi ya kufanya asubuhi hiyo. Anamfikisha mlangoni mwa darasa na kumkabidhi. Mwalimu wa darasa ameshapokea wageni wengine siku hizo hizo. Anamtazama huyu mpya na kuitikia kwa kichwa, lakini uso wake unasema wazi kwamba amechoshwa. Mtoto anauona uso huo. Anampiga mwalimu teke, kisha anatoka mbio.

Kisa hiki kinatoka katika mradi ulioanza mwaka 1968 katika shule mbili za msingi za New Haven, Martin Luther King na Baldwin. Mradi uliendeshwa na kikundi kidogo cha Kituo cha Masomo ya Mtoto cha Chuo Kikuu cha Yale, chini ya James Comer, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto, na ni yeye aliyekuja kukisimulia. Mtoto na mwalimu hawakutajwa majina. Tukio lenyewe lilikuwa la muda mfupi sana, lakini tangu nilipokutana nalo nimeliona kuwa ni kisa bora cha kumpa mwalimu yeyote anayeuliza mahusiano shuleni yanaanzia wapi.

Tuanze na njia iliyozoeleka. Mtoto anakamatwa na kupelekwa ofisini. Anaadhibiwa, maana amempiga mwalimu, na shule isiyoadhibu kosa kama hilo itaonekana imelegea. Anarudishwa darasani, wenzake wanamcheka. Anampiga mmoja wao, anarudi ofisini. Baada ya muda jina lake linatangulia kufika kila anapokwenda. Walimu wa madarasa ya mbele wanamjua kabla hawajamfundisha. Mwishowe anaandikiwa barua ya kupelekwa kwa mtaalamu nje ya shule, na katika jalada lake inaingia sentensi kwamba ana tatizo la tabia, pengine la akili. Comer alieleza kwamba hivyo ndivyo ambavyo mambo yangekwenda.

Katika njia hiyo hakuna mtu mbaya. Ndugu aliwahi kazini kwa sababu asipofika hakuna mshahara. Mwalimu mkuu alimfikisha mtoto darasani, na hiyo ndiyo kazi yake. Mwalimu hakumtukana mtu. Alichoka tu, na uchovu wake ulikuwa na sababu. Hata adhabu ingetolewa kwa mujibu wa kanuni. Kila mmoja angetimiza wajibu wake kama ulivyo, na mtoto angeharibika. Ndiyo maana nadhani tunakosea tunapozungumzia mahusiano shuleni kana kwamba ni suala la walimu wenye roho nzuri na walimu wenye roho mbaya.

Kilichofanyika badala yake

Shule hii ilikuwa na kikao cha kila mara cha watu wanaoangalia ustawi wa watoto: mwanasaikolojia, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, mwalimu wa elimu maalumu na Comer mwenyewe. Mwanzoni, kama ilivyo mahali pengi, kazi yao ilikuwa kupokea mtoto mmoja mmoja aliyeshindikana. Baadaye wakawa wanakaa na walimu na kuuliza shule yenyewe inafanya nini kinachozaa matukio haya.

Kwa habari ya mtoto wa teke, waliwaomba walimu wajiweke mahali pake. Una miaka minane. Watu wote waliokuwa wakikulinda na kukutuliza wamebaki mamia ya maili nyuma yako. Mtu mzima pekee unayemfahamu kidogo amekuacha mlangoni. Unaingia kwenye chumba kilichojaa nyuso ngeni, na mtu mzima mwenye mamlaka anakuonyesha kwamba wewe ni mzigo. Mwili wa binadamu ukihisi hatari hujiandaa ama kupigana ama kukimbia. Mtoto huyu alifanya vyote viwili, teke kisha mbio. Ukilitazama hivyo, tendo lake ni la mtoto mzima wa akili aliyeingizwa mahali pasipo na mtu wake.

Hapo walimu wakaanza kuzungumzia jambo jingine kabisa: atapokelewaje. Darasa likaandaliwa kumkaribisha. Mwanafunzi aliyekuwa anaendelea vizuri akapewa jukumu la kuwa mwenyeji wake. Na shule ikaweka utaratibu wa kuwapokea watoto wote wanaohamia, si huyu peke yake.

Hiyo hatua ya mwisho ndiyo iliyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika kisa hiki kikisimuliwa haraka. Wangeweza kumbembeleza mtoto mmoja na kuishia hapo. Lakini waliona kwamba shule ya mtaa wa watu maskini, ambako familia huhama kila mara kwa sababu ya kodi na kazi, itapokea wageni mwaka mzima, na kila mgeni atakuja na hofu ile ile. Walichorekebisha ni asubuhi ya kwanza ya shule, kwa kila mtoto atakayekuja. Ukarimu wa mtu mmoja huondoka naye akipewa uhamisho; utaratibu ulioandikwa na kupewa mtu wa kuusimamia una nafasi ya kubaki.

Kuna mtu mwingine katika kisa hiki ambaye wasomaji wengi humpita: mwalimu. Aliletewa wageni bila kuulizwa, bila taarifa, bila hata kuambiwa mtoto anatoka wapi. Hakuna aliyekaa naye kuona darasa lake limefikia wapi. Uso uliomtisha mtoto ulikuwa uso wa mtu ambaye naye alikuwa amekabidhiwa mzigo na kuachwa nao. Sidhani mwalimu anaweza kumpa mtoto mapokezi ambayo yeye mwenyewe hapewi na shule yake. Kikao kile kilimsaidia mtoto kwa sababu kwanza kilimpa mwalimu mahali pa kusema, bila kuogopa kuandikwa, kwamba siku ile alikuwa amelemewa.

Mwaka wa kwanza ulivyovunjika

Mtu akisikia habari hii anaweza kudhani Yale walifika na maarifa yao na shule ikatulia. Haikuwa hivyo. Mwaka wa shule wa 1968/69 ulikuwa balaa.

New Haven ya wakati huo ilikuwa na majeraha mabichi. Weusi wengi walikuwa wamehamia huko kutoka Kusini kufuata kazi za viwandani, hasa kiwanda cha bunduki cha Winchester, na kazi hizo zilikuwa zinapungua. Chini ya meya Richard Lee mji ulipokea fedha nyingi za serikali kuu za kujenga upya, na mitaa mizima, ukiwamo wa Oak Street, ilibomolewa na watu wake wakatawanyika. Agosti 1967 vurugu zilizuka mjini. Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa. Miezi michache baadaye ndipo wageni wa chuo kikuu walipoingia katika shule mbili ambazo watoto wake karibu wote walikuwa Weusi maskini, shule zilizoshika nafasi ya 32 na 33 kati ya shule 33 za msingi za mji kwa masomo na mahudhurio. Mwaka 1969 wanafunzi wa darasa la nne walikuwa nyuma ya kiwango chao kwa takriban mwaka mmoja na nusu.

Wazazi waliwatazama wageni hao kama watu waliokuja kuwafanyia watoto wao majaribio, na hawakuwa na sababu ya kudhani vingine. Mbinu mpya za kufundisha zilizojaribiwa ziliwavuruga walimu na watoto pia. Comer alieleza baadaye darasa aliloliingia siku za mwanzo: watoto wakipiga kelele, wakipigana, wakimwita mwalimu majina, na mwalimu akiwa hajui la kufanya. Wazazi waliandamana. Baadhi ya wafanyakazi waliondoka. Nadhani mradi mwingine wowote ungefungwa hapo na ripoti ikaandikwa kwamba jamii ile haikuwa tayari.

Waliobaki walikaa chini na wazazi. Ikaundwa kamati ya uongozi wa shule: mwalimu mkuu ndiye mwenyekiti, pamoja na wawakilishi waliochaguliwa na walimu, wazazi, wataalamu wa ustawi na wafanyakazi wasio walimu. Kamati hii haikuwa ya ushauri tu. Iliandaa mpango wa shule nzima, wa masomo na wa maisha ya kijamii, ikafuatilia utekelezaji wake na kuubadilisha ilipobidi.

Ilijiwekea kanuni tatu. Kutolaumiana: tatizo linajadiliwa kwa nia ya kulitatua, na muda hautumiki kutafuta mkosaji. Kuafikiana: hawapigi kura, kwa sababu kura huacha washindi na walioshindwa, na walioshindwa huenda kungoja mpango uanguke. Ya tatu inamhusu mwalimu mkuu: kamati haiwezi kumfunga mikono asiongoze, na yeye hawezi kuitumia kama muhuri wa kupitisha alichokwisha kuamua.

Hiyo ya kwanza inahitaji maelezo, kwa sababu nimeona watu wakiipinga haraka. Wanasema kutolaumiana ni kulea uzembe. Rudi kwa mtoto wa teke uone ilivyofanya kazi. Kama kikao kingeanza kwa kuuliza nani mwenye kosa, mwalimu angejitetea, na utetezi wake ulio karibu ungekuwa kumchafua mtoto. Mwalimu mkuu angemtetea mwalimu. Ndugu angeitwa na kulaumiwa kwa kumwacha mtoto na kwenda zake. Kwa kuondoa swali hilo mezani, mwalimu aliweza kukiri kwamba hakumpokea vizuri, na kukiri huko ndiko kulikozaa utaratibu mpya. Wajibu haukuondolewa. Kila mtu alitoka na kazi ya kufanya, na kamati ilifuatilia kama imefanyika.

Wazazi ndani ya jengo

Shule nyingi humwita mzazi kwa mambo mawili, fedha na makosa. Mzazi akiona karatasi ya shule anajua ama anadaiwa ama mwanawe ameharibu kitu. King na Baldwin zilikuwa hivyo hivyo, na kwa wazazi wengi pale shule ilikuwa pia mahali walipodharauliwa wao wenyewe walipokuwa watoto.

Mradi ulitengeneza njia za kuingia zisizo na hofu. Wazazi wachache waliajiriwa kwa saa kadhaa kwa wiki, kwa kima cha chini cha mshahara, kuwasaidia walimu madarasani. Hawa ndio waliokuwa kiini cha kundi la wazazi. Wengine walichaguliwa kuingia kwenye kamati. Waliobaki walialikwa kwenye sherehe, chakula cha pamoja, maonyesho ya watoto. Miaka ya mwanzo sherehe ya Krismasi ilikuwa ikihudhuriwa na wazazi wachache wa kuhesabika. Baadaye shughuli za shule zilijaza mamia ya watu. Naona ni muhimu kwamba wale wasaidizi walilipwa. Mama maskini anayeombwa kujitolea siku nzima anaombwa kitu ambacho mwenye mshahara haombwi, na akishindwa huambiwa hajali elimu ya mwanawe.

Mzazi anapokuwa ndani ya jengo kila siku, mtoto huona mambo ambayo hotuba haiwezi kumwonyesha. Anamwona mama wa jirani yake akicheka na mwalimu. Anajua kwamba jambo la darasani litafika mtaani kabla hajafika yeye. Comer, aliyezaliwa mwaka 1934 East Chicago, Indiana, alikulia katika hali hiyo. Baba yake alikuwa kibarua wa kiwanda cha chuma, mama yake mfanyakazi wa ndani ambaye hakubahatika kusoma, na watoto watano wa nyumba hiyo walikuja kupata shahada 13 kati yao. Marafiki zake watatu wa utotoni, aliowaona kuwa na akili kama yake, waliishia pabaya: mmoja alikufa mapema kwa ulevi, mmoja alimalizia sehemu kubwa ya maisha yake gerezani, mmoja akawa wa kuingia na kutoka hospitali za magonjwa ya akili. Comer aliamini kwamba tofauti ilikuwa watu waliomzunguka yeye nyumbani, kanisani na shuleni, na jinsi watu hao walivyofahamiana. Swali la marafiki hao ndilo lililomtoa kwenye tiba ya kawaida na kumpeleka shuleni.

Kuna uamuzi mmoja mdogo nitakaoupigania mahali popote. Waliona kwamba baadhi ya watoto huchukua karibu mwaka mzima kumwamini mwalimu, na wakishamwamini tu mwaka unakwisha, wanapewa mwingine. Basi wakaacha mwalimu abaki na darasa lake miaka miwili. Baadhi ya watoto ambao mwaka wa kwanza hawakusogea kabisa, mwaka wa pili walipiga hatua ya miaka miwili. Haikuhitaji jengo wala mtaalamu. Ilihitaji mtu kutambua kwamba imani ya mtoto ina muda wake wa kukomaa, na ratiba ya shule ilikuwa inaukatiza.

Matokeo, na mahali pa kuwa na tahadhari

Baldwin ilitoka kwenye mradi katika miaka ya 1970, na mwaka 1977 nafasi yake ikachukuliwa na shule ya Brennan. Kufikia mwaka 1979 watoto wa darasa la nne walikuwa wamefikia kiwango chao, na mwaka 1984 King na Brennan zilishika nafasi ya tatu na ya nne mjini katika mtihani wa Iowa, unaopima stadi za msingi za masomo. Mahudhurio ya King yalipanda hadi kuwa ya kwanza au ya pili mjini. Umaskini wa mtaa haukuwa umepungua.

Hata hivyo, shule mbili zilizoangaliwa kwa karibu na mwanzilishi mwenyewe si ushahidi wa kutosha. Mradi huu ulipogeuka mpango na kuenea kwenye mamia ya shule nyingine, mtafiti Thomas Cook na wenzake waliupima kwa uangalifu mara mbili. Katika Prince George's County, Maryland, matokeo yao ya mwaka 1999 yalionyesha tofauti ndogo sana kati ya shule zilizokuwa kwenye mpango na zile zisizokuwamo. Chicago, mwaka 2000, hali ilikuwa nzuri zaidi: wanafunzi waliona mazingira ya shule yameboreka, na hisabati na kusoma vikapanda kidogo. Mwaka 2003 Geoffrey Borman na wenzake walilinganisha mipango 29 ya kubadilisha shule za Marekani na kuuweka huu miongoni mwa mitatu yenye ushahidi wenye nguvu zaidi.

Matokeo ya Maryland ndiyo yanayonifundisha zaidi. Watafiti waligundua kwamba shule za mpango hazikutofautiana sana na nyingine hata katika mambo ambayo mpango uliziagiza kufanya. Kamati ziliundwa na majina yakaandikwa, lakini shule iliendelea kama zamani. Sishangai. Kwetu nako kila shule ya msingi ya Tanzania ina kamati ya shule yenye wazazi ndani yake, na Kenya sheria ya mwaka 2013 imeweka bodi za usimamizi. Lakini mwanafunzi wa uhamisho bado huletwa, jina huingizwa kwenye rejista, huoneshwa dawati, na kipindi kinaendelea. Darasa lenye watoto 80 au 100 lina sababu nyingi za kufanya hivyo, na simlaumu mwalimu aliye ndani yake. Ninachouliza ni kama kamati imewahi kuwa na ajenda ya namna hiyo hata mara moja: mtoto anayehamia kwetu katikati ya muhula anapokelewa na nani, anakaa na nani wiki ya kwanza, na mwalimu wake anaarifiwa lini. Mwanasaikolojia si lazima awepo ili swali hilo liulizwe. Mwalimu wa malezi anaweza kulileta, mzazi mjumbe anaweza kulileta, na mwanafunzi mwenyeji yupo tayari darasani, anasubiri kupewa kazi.